Heshima ya Kiti

Mgeni afikapo mlangoni, neno la kwanza analolipata ni karibu, na la pili ni keti. Kabla ya maji, kabla ya chakula, na kabla ya habari za safari, mwenyeji humtafutia mgeni wake mahali pa kukaa. Kwa sababu hii kiti si kitu kidogo katika nyumba. Ni ulimi wa pili wa mwenye nyumba. Mdomo waweza kusema karibu huku moyo ukisema ondoka. Lakini kiti kilichopanguswa vumbi na kusogezwa mbele ya mgeni ni vigumu kusema uongo.

Nataka tuzungumze, msomaji, juu ya kiti; na hasa kiti cha plastiki, ambacho yamkini umekikalia asubuhi ya leo bila kukitazama. Swali langu ni jepesi kulitaja na zito kulijibu. Je, heshima ya kitu hutoka wapi? Hutoka katika asili yake, yaani kile kilichofanywa nacho? Hutoka katika umri wake? Hutoka katika bei yake? Au hutoka mahali pengine ambapo macho hayapaoni upesi?

Katika nyumba nyingi swali hili huzuka bila kuitwa. Wazee hupenda kiti cha mbao kilichorithiwa, hata kama mguu wake mmoja umelegea. Nao husema kwamba kiti cha plastiki hakina asili, hakina uzito, na upepo ukivuma huruka kama jani kavu. Vijana hupenda kiti kipya, chepesi, chenye rangi ya kung'aa. Nao husema kwamba kiti cha kale ni kizito, huficha kunguni, na huwaaibisha mbele ya wenzao. Kila upande una hoja, na kila upande una kiburi chake. Mzee aweza kujivunia umri wa kiti kana kwamba ni yeye aliyekichonga, na kijana aweza kujivunia upya wa kiti kana kwamba upya hautapita kesho. Wahenga walimwonya kijana huyu waliposema, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mzee naye walimwachia neno lake waliposema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na tufungue basi, tuingie ndani.

Plastiki si ngeni katika historia yetu kama tunavyodhani. Kwa njia moja, ilizaliwa kutokana na mali ya Afrika. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilitoka bara, zikapita katika bandari za pwani yetu, zikapelekwa Ulaya na Marekani kufanywa vitana, vipini vya visu, vibao vya piano na mipira ya mchezo wa biliadi. Kadiri ndovu walivyouawa ndivyo pembe zilivyozidi kuwa ghali, na watu wakaanza kutafuta kitu cha kushika mahali pake. Karibu na mwaka 1870 Mmarekani John Wesley Hyatt, ambaye alikuwa akitafuta mpira wa biliadi usiokuwa wa pembe, alifaulu kutengeneza seluloidi kwa kuchanganya pamba iliyotiwa asidi pamoja na kafuri. Mwaka 1907 Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, alitengeneza Bakelite, plastiki ya kwanza ambayo haikutokana na mmea wala mnyama. Basi utaona kwamba plastiki ilianza maisha yake kama mwigaji. Seluloidi iliiga pembe, na masanduku ya redio ya Bakelite aghalabu yalikuwa na rangi ya mbao. Mwigaji hudharauliwa hata akiiga vizuri, na yamkini dharau tunayoionea plastiki leo ilianza huko.

Baada ya Vita Kuu vya Pili plastiki iliacha kuiga, ikaanza kusema kwa sauti yake mwenyewe. Mwaka 1950 Charles Eames na mkewe Ray, wabunifu wa Marekani, walitoa kiti cha plastiki iliyotiwa nguvu kwa nyuzi za kioo; na nia yao ilikuwa kwamba mtu wa kipato cha kawaida apate kiti kizuri kwa bei anayoimudu. Mwaka 1954, huko Italia, Giulio Natta alipata plastiki iitwayo polipropilini, ambayo ni nyepesi, ngumu, na haivunjiki upesi. Mwaka 1963 Natta pamoja na Karl Ziegler wa Ujerumani walipewa tuzo ya Nobel ya Kemia. Mwaka huohuo Robin Day wa Uingereza alitoa kiti cha polipropilini chenye miguu ya chuma, ambacho kilienea katika shule na kumbi za mikutano. Mwaka 1967 kiti cha Verner Panton, Mdenmark, kilianza kutengenezwa: kipande kimoja kilichopindwa kama wimbi, bila miguu ya nyuma. Kisha, mwaka 1972, Henry Massonnet wa Ufaransa alitoa kiti ambacho ndugu zake na watoto wake wameenea dunia nzima. Hicho ndicho kiti cheupe tukijuacha sote.

Namna kinavyotengenezwa yastahili kujulikana, maana ndiyo siri ya urahisi wake. Chembe ndogo za plastiki huyeyushwa kwa joto lipatalo nyuzi 220 hivi, husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, huachwa zipoe, kisha kalibu hufunguliwa na kiti hutoka kizima, chenye miguu, mikono na mgongo. Hakina msumari, hakina gundi, hakina kiungo. Massonnet aliweza kufanya hivyo katika muda usiofika dakika mbili. Mashine na kalibu zake ni ghali mno, lakini gharama hiyo hugawanywa kwa viti maelfu kwa maelfu, hata fungu la kila kiti likawa dogo kabisa. Seremala hutumia siku kadhaa kwa kiti kimoja, na kila kiti chake humkumbuka. Kiti cha plastiki hakimkumbuki mtu yeyote.

Sasa nakuomba usikilize visa viwili, kisha uniambie wewe mwenyewe heshima ya kiti hutoka wapi.

Mji wa Basel, huko Uswisi, ulipiga marufuku viti hivi vyeupe vya plastiki katika mahali pa hadhara tangu mwaka 2008 hadi mwaka 2017. Sababu iliyotolewa ilikuwa uzuri wa mji. Kiti hiki kilionekana kuwa doa katika uso wake. Lakini ng'ambo ya mpaka, katika mji wa Weil am Rhein, Ujerumani, kuna jumba la makumbusho ya samani liitwalo Vitra Design Museum. Mwaka huohuo wa 2017 jumba hilo lilifanya maonyesho juu ya kiti kile kile, na watu wakalipa kiingilio ili wakitazame. Mtu wa Basel angeweza kukiondoa kiti hicho barabarani asubuhi kwa kuwa ni uchafu, na jioni akavuka mpaka akasimama mbele yake kwa staha kwa kuwa ni historia. Kiti hakikubadilika. Kilichobadilika ni jicho.

Kisa cha pili chafanana na hicho. Viti vya plastiki vya miaka ya 1960, ambavyo vilitengenezwa viwandani kwa wingi, sasa ni vitu vya kale. Kiti cha Panton kimewekwa katika majumba makubwa ya makumbusho, na matajiri wa miji ya Ulaya na Marekani hutafuta viti vya zamani vya namna hiyo na kuvilipia fedha nyingi ili wavipambie sebule zao. Na plastiki yenyewe imerudia tabia yake ya utotoni. Mwaka 2002 mbunifu wa Ufaransa, Philippe Starck, alitoa kiti cha plastiki angavu kama kioo, chenye umbo la viti vya zama za Mfalme Louis wa 16, yule aliyekatwa kichwa mwaka 1793. Mfalme amekwenda, ufalme wake umekwenda, lakini umbo la kiti chake limerudi likitoka katika kalibu.

Katika visa hivi tunajifunza jambo moja. Asili ya kitu haitoshi kukipa heshima wala kukinyima, kwa kuwa plastiki ni plastiki, iwe jalalani au katika jumba la makumbusho. Umri nao hautoshi, maana upya wa jana ndio ukale wa leo. Wala bei haitoshi. Bei ni shahidi anayesema kile watu wanachokitamani leo. Kesho aweza kubadili ushahidi wake, na hakimu mwenye busara hatoi hukumu kwa neno la shahidi wa namna hiyo.

Huenda utasema, msomaji, kwamba mifano yangu ni ya ng'ambo. Basi twende Lamu. Katika nyumba kubwa za mawe za pwani yetu, kule Lamu, Pate na Unguja, palikuwa na kiti kiitwacho kiti cha enzi. Ukienda katika Makumbusho ya Lamu utaviona viti hivyo. Ni viti vya mbao nyeusi, vyenye mgongo mrefu uliosimama wima, vilivyopambwa kwa vipande vya pembe au mifupa, vilivyosukwa kwa uzi mahali pa kukalia na mgongoni, na mbele yake pana kibao cha kuwekea miguu. Ufundi wake ni wa kustaajabisha. Hapana kiwanda kiwezacho kukifanya kiti hicho kwa dakika mbili, na mtu asiyejisikia fahari mbele yake hana macho.

Lakini uzuri wa kiti hicho usitufumbe midomo. Tuulize swali ambalo mgeni wa makumbusho hulisahau: ni nani aliyekikalia? Kilikaliwa na mwenye cheo na mgeni mwenye cheo. Mpagazi aliyezileta pembe kutoka bara begani mwake hakukikalia. Mtumwa aliyekipangusa vumbi kila asubuhi hakukikalia. Kiti kilikuwa kizuri, na uzuri wake ulikuwa ukuta. Sisemi kwamba fundi wake alikosa. Fundi alifanya kazi yake kwa mikono safi. Nasema kwamba uzuri wa kitu na haki ya matumizi yake ni mambo mawili, na mtu aweza kuwa na moja akakosa la pili.

Sasa tazama kiti cha plastiki katika nchi yetu. Kipo harusini na kipo matangani. Kipo kanisani wakati watu wanapozidi mabenchi, kipo nje ya msikiti wakati wa hotuba, kipo katika baraza ya chifu, kipo mbele ya kinyozi na mbele ya mama auzaye chai. Msiba ukitokea kijijini, viti huletwa kwa mkokoteni au kwa lori, vimepangwa kimoja juu ya kingine, na kabla ya saa moja kupita watu 300 wamepata mahali pa kukaa. Tajiri hukalia kiti kile kile anachokikalia maskini aliye jirani yake. Bibi mzee, ambaye zamani angekaa chini kwenye majani makavu ili wanaume wapate viti, naye sasa ana kiti chenye mgongo. Hili ni jambo kubwa, ijapokuwa limefanywa na kitu kidogo.

Na zaidi ya hili. Mhandisi wa Marekani, Don Schoendorfer, alipokuwa safarini Moroko aliona mwanamke asiyeweza kutembea akijiburura chini kuvuka barabara. Miaka mingi baadaye, alipokumbuka aliyoyaona, alitafuta njia ya kutengeneza kiti cha magurudumu kwa bei ndogo kabisa. Alichukua kiti cheupe cha plastiki cha bustanini, akakifunga juu ya fremu ya chuma yenye magurudumu, na mwaka 2001 akaanzisha shirika la kuwagawia viti hivyo bure watu wasiokuwa na uwezo katika nchi nyingi. Kwa mtu aliyekuwa akitambaa mavumbini, kiti kile kilichofukuzwa Basel ni kiti cha enzi kuliko vyote vilivyoko makumbushoni. Hapo ndipo nilipoanza kuona mlango wa jibu: kiti hupata heshima kwa mtu kinayempa heshima.

Lakini nisijifanye wakili wa plastiki hata nikaficha makosa yake. Wahenga walisema, rahisi ghali. Kiti cha plastiki kikikaa juani mwaka hata mwaka hupauka, hukauka, kisha siku moja mtu mzito hukikalia na mguu hupasuka. Kiti cha mbao kikivunjika mguu, seremala hutia mguu mwingine. Kikichoka kabisa, hupika chakula, na majivu yake hulisha mgomba. Kiti cha plastiki kikivunjika hakiliwi na mchwa, hakiozi, na kikichomwa hutoa moshi mbaya wenye kudhuru mapafu. Hukaa mtaroni, humeguka vipande vidogo, na vipande humeguka vidogo zaidi, hata vikaingia mtoni na baharini. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, kwa kuwa tuliona kwa macho yetu jinsi kitu cha dakika kumi kinavyoweza kuwa taka ya miaka mingi. Kiti hakimo katika marufuku hiyo, lakini somo ni lile lile.

Wala mbao nazo si malaika. Kila kiti cha mpingo ni mti uliokua kwa miaka mingi na kukatwa kwa siku moja. Kama kila mtu katika mataifa yetu angedai kiti cha mbao ngumu, misitu yetu ingekwisha kabla ya watu wote kukaa. Kwa hiyo anayeshutumu plastiki akiwa ameegemea meza ya mvule na ajitazame kwanza. Hatuna samani isiyokuwa na deni. Tulilo nalo ni hiari ya kulipa deni hilo au kulikimbia.

Nimefika mahali ambapo sina budi kusema habari yangu mwenyewe, wala haiko kwa kujisifu.

Marehemu babu yangu aliacha kigoda cha miguu mitatu, kilichochongwa kwa gogo moja na kutiwa nakshi ya nyuzi za shaba, kama vilivyokuwa vigoda vya wazee kwetu Ukambani. Alikwenda nacho barazani akikishika mkononi, akakikalia alipokuwa akisikiliza mashauri ya watu. Alipofariki kilikaa pembeni mwa nyumba ya mama yangu. Mwaka 2014, nilipomaliza chuo cha ualimu na kupata mshahara wa kwanza, nilirudi nyumbani na nia ya kuipamba nyumba. Niliona haya juu ya sebule yetu. Akaja mchuuzi anunuaye vitu vya kale ili avipeleke mjini kwa watalii. Akakitazama kigoda, akataja bei, nami nikaipokea bila kumwuliza mama, ambaye alikuwa shambani. Fedha zile niliziongeza kidogo, nikanunua viti sita vya plastiki vyekundu. Nikavipanga sebuleni, nikasimama mlangoni kuvitazama kama mtu aliyeshinda vita.

Mama alirudi jioni. Alivitazama viti vipya, akatazama pembeni, kisha akauliza, "Mwanangu, kigoda cha babu yako kiko wapi?" Nikamwambia nimekiuza, na nikaongeza kwa haraka kwamba sasa wageni sita waweza kukaa mahali alipokaa mmoja. Hakunigombeza. Alisema, "Ahsante kwa viti," akaingia jikoni. Nami, kwa upumbavu wa ujana, nikadhani amefurahi.

Miaka ikapita. Viti vile vilitumika, vikaazimwa, vikarudi na kuazimwa tena. Mwaka 2019 nilipokuja likizo niliona kiti kimoja kimepata ufa tangu mgongoni hadi mahali pa kukalia. Nikamwambia mama, "Mama, hiki tukitupe, nitakuletea kingine, bei yake si kitu." Akanijibu kwa upole, "Kile cha babu yako kiliondoka bila kosa lolote. Je, na hiki kiondoke kwa sababu ya ufa tu?" Akatwaa msumari, akautia motoni hata ukawa mwekundu, akautoboa mstari wa matundu kila upande wa ufa, kisha akapitisha waya mwembamba tundu hata tundu, kama mtu ashonaye nguo. Nilikaa nikamtazama. Kazi ilipokwisha akakikalia, akasema, "Sasa hiki ni changu."

Hapo, msomaji, ndipo nilipopata somo ambalo chuo hakikunipa. Kile kigoda nilikiuza kwa kuwa niliona ni cha kale tu. Na kile kiti nilitaka kukitupa kwa kuwa niliona ni cha rahisi tu. Kosa lilikuwa moja. Katika vyote viwili sikuona mkono wa mtu wala mgongo wa mtu. Mama yangu hakuhesabu asili, wala umri, wala bei. Aliona kile kitu kimewafanyia nini watu wa nyumba yake, akakilipa kwa utunzaji. Na waya ule, ambao mgeni wa mjini angeucheka, ulifanana sana machoni pangu na nyuzi za shaba zilizokuwa katika kigoda cha babu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Heshima ya kitu haikai ndani ya kitu kama maji yakaavyo mtungini. Hutoka kwa watu, nayo huingia katika kitu kwa njia mbili: kwa matumizi yaliyo ya haki, na kwa matunzo yaliyo ya kudumu. Kiti cha enzi kilikuwa na matunzo ya kudumu, lakini matumizi yake yalikuwa ya wachache. Kiti cha plastiki kina matumizi ya wote, lakini matunzo yake ni ya siku chache. Kila kimoja kina nusu ya heshima, na kazi ya kuzikutanisha nusu hizo tumeachiwa sisi.

Kwamba nusu hizo zaweza kukutana, tumekwisha kuona dalili yake, tena katika mji ule ule wa kiti cha enzi. Mafundi wa Lamu, wakiongozwa na mjenzi wa mashua Ali Skanda, walikusanya taka za plastiki zilizotupwa na maji ufuoni, wakaziyeyusha wakapata mbao za plastiki, wakaunda jahazi iitwayo Flipflopi, ambayo ubavu wake umefunikwa kwa ndara kuukuu 30,000. Iliingia majini mwaka 2018, na mwaka 2019 ilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Tangu hapo ufundi huo umetumika Lamu kutengenezea samani pia. Hebu fikiri: mkono ule ule wenye ujuzi wa kuchonga mbao sasa wachonga kile ambacho wengine walikitupa. Hapo ukale na upya haugombani, kwa kuwa ujuzi ni wa kale na mahitaji ni mapya.

Siku moja nawe utakuwa na nyumba yako. Utaingia dukani ukiwa na fedha mfukoni, na vitu vitakuita kutoka pande zote, vya kale na vya kisasa, vya mbao na vya plastiki. Sikuamrishi ununue hiki au kile, maana mkono wa kila mtu una urefu wake. Nakuomba tu ujiulize maswali matatu kabla ya kulipa. La kwanza, ni nani atakayekaribishwa kukikalia, na ni nani atakayeachwa amesimama? La pili, je, niko tayari kukitunza na kukitengeneza kitakapopata ufa? La tatu, siku kitakapokwisha kabisa, kitakwenda wapi, na ni nani atakayeubeba mzigo wake? Mtu awezaye kujibu maswali haya bila kuona haya amekwisha kuipamba nyumba yake, hata kama ndani yake mna kiti kimoja tu.

Ama kigoda cha babu yangu sikijui kiliko. Labda kipo katika sebule ya mtu wa mbali, kimewekwa juu ya kibao, hapana aruhusiwaye kukikalia. Kiti chekundu chenye mshono wa waya kipo nyumbani kwa mama. Nikifika husogezwa mbele yangu, naye huniambia, "Karibu, mwanangu, keti." Nami huketi kwa adabu.